Usiende Unguja Kulala

Msimu wa likizo ukikaribia, watu wa bara huulizana habari za Unguja. Huulizana nauli ya boti, bei ya chumba, na ufuo upi una mchanga mweupe zaidi. Ni maswali mema, wala sina neno nayo. Neno langu ni juu ya yale yasiyoulizwa. Mtu huvuka bahari kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, akafikia hoteli ya Nungwi au Paje, akajilaza kando ya bwawa la kuogelea, akapiga picha na dafu mkononi, kisha akarudi. Ukimwuliza ameona nini, atakuonyesha simu. Huyo amealikwa karamuni akashiba maji.

Sisi tunaosema Kiswahili tunashuka bandarini Malindi na mali ambayo mtalii wa Ulaya hawezi kuinunua hata akilala hoteli ghali kuliko zote. Yeye humlipa mtu amtembeze na kumfasiria. Sisi twaweza kuuliza wenyewe na kujibiwa na mwenye jambo lake. Basi kwa nini likizo yetu iwe nakala ya likizo yake? Nawasihi tuitumie mali hiyo, na nitaeleza namna ya kuitumia.

Kwanza, fuateni maji. Pwani ya mashariki, kutoka Bwejuu na Paje hadi Jambiani, bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji yakijaa hujaa kwelikweli, na yakipwa hukimbilia mbali hadi karibu na mwamba yanapovunjika mawimbi. Asiyejua hutoka chumbani asubuhi, akaikosa bahari, akalalamika kwamba fedha yake imepotea. Aliyemwuliza mwenyeji tangu jioni huamka akiijua saa ya kuogelea na saa ya kutembea.

Na hiyo saa ya kutembea ina faida kubwa. Maji yakitoka, kina mama huingia. Wengine huchokoa pweza mwambani, wengine huhudumia mashamba ya mwani: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vichipukizi vya mwani vimening'inizwa juu yake. Kilimo hiki kilishika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani ukishakaushwa huuzwa ng'ambo, na kinachotolewa ndani yake hutumika kuvipa uzito vyakula na hata dawa ya meno. Kwa hiyo yamkini umeanza siku yako na jasho la mama wa Jambiani kinywani mwako bila kujua. Nenda kamsalimu, umpe pole ya kazi, umwulize. Atakueleza bei ya kilo moja, na atakueleza kuwa maji yamezidi joto na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inamfia mikononi. Mambo hayo wataalamu huyaandika vitabuni, nawe utayasikia bure kutoka kwa mwenye shamba. Ila usikanyage kamba zake, wala usimpige picha kabla ya kumwomba. Pia vaa viatu, maana chini mna viumbe wenye miiba, na geuka mapema, kwani maji yakianza kurudi hayamngoji mtu.

Pili, msiufanye Mji Mkongwe njia ya kupitia tu. Mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini wengi wetu huujua kwa Forodhani ya usiku: mishikaki, urojo na juisi ya miwa. Kuleni, ni halali yenu. Lakini asubuhi yake amkeni mwende Mkunazini, penye kanisa kuu la Waanglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Sayyid Barghash kutia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu waliosimamishwa shimoni, minyororo shingoni.

Mtalii wa mbali huzitazama akasikitika, nayo ni haki yake. Sisi wa bara tuna sababu zaidi ya kusimama pale. Watu waliouzwa sokoni hapo walitoka kwetu: pande za Ziwa Nyasa, pande za Ziwa Tanganyika, na Manyema kule Kongo. Walitembezwa kwa miguu hadi Kilwa na Bagamoyo, ndipo wakavushwa bahari hiihii tunayovuka sisi tukila njugu botini. Mtu aweza kweli kukaa Unguja juma zima asifike mahali hapo, kisha aseme ameijua Unguja?

Ukitoka hapo ndipo uende mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi. Kijana mtembezaji atakuvunjia gome la mdalasini unuse, atakusukia kofia ya makuti, nawe utacheka. Cheka, lakini uliza pia: mikarafuu hii ilipoenea visiwani enzi za Sultani Sayyid Said, nani aliipanda na nani aliichuma? Jibu ni watumwa, wengi wao ndugu wa wale wa Mkunazini, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Zanzibar hadi mwaka 1897. Harufu ya karafuu haipungui utamu kwa kujua hayo. Anayepungua ni yule ajivuniaye viungo asiyetaka kujua habari za wachumaji.

Tatu, tafuteni muziki wa nyumbani. Hoteli nyingi hupiga nyimbo zilezile unazozisikia baa ya mtaani kwako. Unguja ina klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905, na ina Culture Musical Club ambayo nayo ni ya tangu 1958. Ulizeni mjini wapi kuna mazoezi au onyesho usiku huo. Na mkumbuke kwamba Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu kuuza, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mgeni hupenda fidla na ganuni tu. Wewe unayashika maneno, unajua nani anapigwa kijembe na kwa nini ukumbi mzima umeangua kicheko.

Nne, shukeni kusini. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi kibulani, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijria, ndiyo 1107 Miladia. Makunduchi watu husema lugha yao, ambayo ninyi mliofundishwa Kiswahili sanifu mtaishika nusu tu, na ni vizuri unyenyekevu huo ukawapata. Ikiwa likizo yenu ni mwezi wa Julai, ulizeni siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, mwone wanaume wakipigana kwa vigogo vya migomba kumaliza uhasama wa mwaka uliopita. Njiani mna msitu wa Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, makao ya kima punju ambaye asili yake ni Unguja tu, si kwingine duniani. Usimlishe, usimguse, na mwambie dereva apunguze mwendo barabara inapopita msituni.

Huko huko Kizimkazi mtaitwa kwenda kuwaona pomboo. Nendeni, lakini hapa ndipo Kiswahili chenu kinapodaiwa. Boti nyingi huwazunguka wanyama hao na kuwakimbiza, abiria wakarukia maji juu yao. Nahodha hufanya hivyo kwa kudhani ndilo mteja alitakalo. Basi mwambie kabla ya kung'oa nanga: "Nahodha, tusiwafukuze, tukiwaona kwa mbali yatosha." Hakuna nahodha atakayegombana na aliyemlipa kwa kutaka safari ya polepole.

Sasa nazisikia hoja zenu. Wa kwanza atasema: "Mimi nakwenda kupumzika, wewe waniletea shule." Namjibu kwamba aliyechoshwa na kiti cha ofisi hapumziki kwa kulala kwenye kiti kingine. Mwili wake wataka miguu, na akili yake yataka jambo geni. Wala sijasema asilale. Adhuhuri ya Unguja ina jua la kutosha kumlaza mtu yeyote. Nasema asilale siku zote.

Wa pili atasema: "Hayo ni ya wenye fedha." Kinyume chake, ghali ni lile bwawa. Daladala za mjini huenda Jambiani, Nungwi na Makunduchi kwa nauli ya kawaida, nyumba ndogo za wageni zipo vijijini, na mahali pengi mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Fedha unayompa muuza pweza wa kijijini hulala kijijini.

Wa tatu atasema: "Nitakwenda mwakani." Huyo namkumbusha Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu lililojengwa mwaka 1883. Wangapi walilipita pale Forodhani wakisema wataingia safari ijayo? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Mawe ya matumbawe na chokaa yana subira, lakini si ya milele.

Lililobaki ni adabu. Unguja ni nchi ya Waislamu, na mavazi ya ufuoni yaishie ufuoni. Ukiingia mtaani au sokoni, jisitiri. Ukikuta mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana. Mtangulizie mkubwa shikamoo, piga hodi, usiwe na pupa ya kuondoka pindi salamu zikirefuka. Mzungu akikosea husemwa hajui. Wewe ukikosea utasemwa hukulelewa.

Basi wazazi wa Dodoma, Mwanza, Mbeya na Nairobi, nawaombeni nyinyi zaidi. Watoto wenu wanakaririshwa utumwa, karafuu na taarabu darasani ili wajibu mtihani. Mkiwapeleka Unguja, wapeni daftari, na kila mtoto aandike maswali yake kabla ya kupanda boti. Kisha waacheni wayaulize wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, kwa mama wa mwani, kwa fundi wa mashua Nungwi na kwa mzee wa barazani. Jioni waacheni waogelee mpaka wachoke, maji yakiwa yamejaa.