Tulinde Bonde Zima, Si Shamba Moja Moja

Ndugu zangu wa Kibiti na Rufiji, toka Ikwiriri na Muhoro hadi visiwa vya delta kule Mbwera na Kiomboni, kila mpunga unapotoa masuke nyumba zetu hugawanyika: wachache hubaki kijijini, wengine huhamia dunguni kuamia mazao, wakikesha na madebe na mienge. Tumeizoea hali hii kiasi cha kuiona kuwa ndiyo kilimo chenyewe. Lakini mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer akiwa na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, uliohesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu 1990, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Rufiji na Lindi ziliumia sana, mashambulizi yalizidi majira ya mavuno, na mnyama aliyeyaunganisha yote hayo ni nguruwe pori. Simba humfuata nguruwe, nguruwe hufuata mazao, na sisi tumelala katikati yao ndani ya kibanda cha makuti. Simba aliyeuawa Aprili 2004 baada ya kuhusishwa na vifo vya watu wapatao 35 Rufiji alikutwa na jipu kwenye gego, na wengi wakaridhika kwamba jino ndilo lililokuwa chanzo. Jino moja haliwezi kueleza wilaya nzima.

Chanzo kingine ni umbali. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwahamishia watu miinukoni baada ya mafuriko, lakini mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni, na tangu hapo mkulima analala kwa zamu kati ya nyumba mbili. Mashamba yenyewe yametawanyika, huku kipande na kule kipande, na kati yake kuna vichaka ambamo nguruwe hushinda mchana kutwa akisubiri giza. Ukimfukuza kwako anaingia kwa jirani. Jirani akimfukuza, anarudi kwako. Kwa namna hiyo kila kaya hukesha msimu mzima, na nguruwe anashiba vilevile.

Kwa hiyo naomba tuache kulinda mazao dhidi ya nguruwe kila mtu peke yake. Hesabu yake si ngumu. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa takriban mita 254. Wakulima 100 wakizungushia kila mmoja ekari yake, watahitaji zaidi ya kilomita 25 za uzio au mtaro. Wakilima ekari hizo 100 zikiwa zimeshikana, mzingo wote ni kilomita mbili na nusu, yaani mita 25 kwa kila kaya. Kukesha nako ni hivyohivyo: watu wanane kila usiku kwa kaya 100 maana yake zamu humfikia mtu mara moja katika siku 12 hivi, na hao wanane wanaweza kukaa pamoja kwenye dungu moja kubwa, lililoinuliwa juu ya nguzo imara, lenye kuta na mlango wa kufungwa. Tupande kwa wakati mmoja ili mazao yasiive kwa miezi mitatu mfululizo, na tufyeke ukanda wa vichaka unaopakana na shamba. Nasema vichaka, si mikoko. Mikoko ni hifadhi na ndiyo inayotulea kamba na kaa. Wenzetu wa delta wasitegemee mikono ya maji kuwa uzio, maana nguruwe huogelea.

Wapo watakaosema kwamba waya wa mtego ni rahisi zaidi, na sumu rahisi kupita waya. Ni rahisi kweli, kwa anayetega. Nguruwe aliyenaswa mguu au kiuno huweza kuhangaika hadi asubuhi, na waya huohuo hauchagui kati yake na swala au mbwa wa jirani. Sumu humuua tai aliyekula mzoga, na mvua ikinyesha hushuka kwenye maji tunayochota. Vyote viwili vinakatazwa na sheria. Tena havimalizi kazi: jike akifa, watoto wake watatu au wanne hubaki wakifa njaa kichakani, kichaka chenyewe kipo, na kundi jingine linahamia. Nimewahi kusikia hoja kwamba mnyama huyu ni haramu katika Uislamu, basi mateso yake hayahesabiwi. Kuharamishwa nyama yake hakujatupa ruhusa ya kumtesa. Dini ileile inamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wanyamapori ni mali ya serikali, basi serikali iwadhibiti. Nakubali kwa sehemu. Nguruwe aliyezoea kuvunja uzio aitiwe afisa wanyamapori, ammalize kwa risasi moja, na halmashauri isituambie hakuna mafuta ya gari. Lakini hakuna wilaya yenye maafisa wa kulala kila bonde, na kifuta jasho, hata kinapolipwa, huja shamba likiwa limeshaliwa. Ugumu wa kweli uko kwetu: mwenye shamba la pembeni atabeba adha zaidi, mvivu atakula jasho la wenzake, na wasio na ekari kwenye ukanda huo watauliza nafasi yao. Hayo hayamalizwi kwa hisani. Yanataka sheria ndogo ya kijiji, yenye faini kwa anayekwepa zamu na fidia ya kazi kwa wa pembeni.

Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuipitisha na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Uitishwe kabla ya Novemba, mashamba hayajatayarishwa, na ajenda iwe hiyo peke yake. Mwenyekiti aje na kamba ya kupimia na daftari lenye jina la kila kaya, mbele ya jina pameandikwa mita zake 25 na usiku wake wa kwanza wa zamu.