Mgonjwa Ughaibuni na Amana Yake Benki

Jamaa wanapoambiwa kwamba mgonjwa wao hana budi kwenda India kutibiwa, hukimbilia pasipoti, viza, tiketi, majibu ya vipimo na jina la daktari atakayempokea. Na katika heka heka hizo jambo moja aghalabu husahauliwa, nalo ni njia ya kuzifikia fedha za mgonjwa akiisha kuvuka bahari. Hudhaniwa kwamba maadamu fedha zimo benki na kadi imo mfukoni, basi mali na mwenyewe wanasafiri pamoja. Dhana hiyo ina hatari kubwa, nami nashikilia kwamba benki zetu zina wajibu wa kuiondoa kabla ya safari.

Wafanyabiashara wa Unguja na Bombay wa karne ya 19 walijua namna ya kupeleka thamani ng'ambo pasipo kubeba fedha yenyewe. Walitumia hundi, karatasi iliyoandikwa na tajiri wa upande mmoja ikalipwa na mwenzake wa upande wa pili, na nguvu yake yote ilitokana na kujuana kwao, kwa kuwa mlipaji aliutambua mkono wa mwandishi na aliweza kumhoji mletaji uso kwa uso. Leo fedha hupita kwa kasi ambayo wazee wale wasingeiamini, lakini kazi ya kumtambua mwenye mali imeachiwa kadi, namba ya siri na laini ya simu, ambayo benki huipelekea namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi muamala unapotaka kupita. Ulinzi huo una sababu njema, kwani wezi wa mitandaoni hawalali. Ila laini ambayo haikufunguliwa kutumika nje ya nchi haipokei ujumbe, na msafiri aliyeichomoa uwanjani ili aweke ya India amejifungia mlango wa hazina yake kwa mkono wake mwenyewe.

Natuitazame Chennai, mji ilikoanzishwa hospitali ya Apollo mwaka 1983, ambako wagonjwa kutoka Afrika Mashariki huenda kutafuta tiba. Hospitali binafsi za huko hutaka malipo ya awali kabla ya upasuaji. Kadi ikikataliwa kwa keshia saa mbili asubuhi, Dar es Salaam ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hata tawi la benki litakapofungua milango, Chennai itakuwa inakaribia adhuhuri. Namba ya simu ya bure iliyochapwa nyuma ya kadi kwa kawaida haipatikani kutoka nje ya nchi. Mashine nyingi za kutolea fedha hazitoi zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja, ilhali benki ya nyumbani hukata ada yake kila mara. Wenyeji hulipana kwa simu kwa mfumo wa UPI, ulioanza mwaka 2016, lakini mfumo huo hutegemea zaidi akaunti ya benki ya India. Na michango ambayo ndugu huikusanya kwa M-Pesa katika muda wa saa moja haimfikii keshia wa hospitali kwa wepesi uo huo.

Wala asidhani mtu kwamba kubeba noti ni kinga kamili. Jioni ya tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000, zilizokuwa karibu asilimia 86 ya thamani ya fedha taslimu nchini humo, zingekoma kuwa halali usiku ule ule. Na wageni walijikuta katika foleni za benki pamoja na wenyeji.

Zito kuliko yote ni hili: mwenye akaunti ndiye mgonjwa. Akiwa katika usingizi wa dawa baada ya kupasuliwa, au akiwa taabani katika chumba cha wagonjwa mahututi, nani atasoma namba ya uthibitisho, na nani atajibu maswali ya benki? Mke au mwana anayemuuguza analazimika ama kukaa na fadhaa mlangoni, ama kutumia namba ya siri ya mgonjwa kinyume cha masharti ya benki. Si insafu kumtia mtu katika akhiyari ya namna hiyo wakati roho ya mpenzi wake imo mashakani, hasa kwa kuwa dawa yake inajulikana: akaunti ya pamoja, au hati ya uwakala iliyothibitishwa na wakili na kupokewa na benki kabla ya safari.

Kwa hiyo msafiri na aende benki mapema, ataje nchi na tarehe, ahakikishe kadi inakubali kutumika nje. Achukue kadi za benki mbili na kuzitenga. Aache laini yake ndani ya simu ikiwa imefunguliwa kwa matumizi ya ng'ambo. Na malipo ya awali ayapeleke moja kwa moja katika akaunti ya hospitali siku kadhaa kabla hajaondoka.

Hata hivyo, mzigo huu usimwelemee mteja peke yake, kwani anayepokea amana amepokea na dhamana ya kumtambua mwenyewe popote alipo. Naiomba Benki Kuu ya Tanzania iyafanye mambo matatu kuwa sharti kwa kila benki itoayo kadi za kutumika nje: namba ya simu ya kawaida, inayopatikana kutoka nchi yoyote na kupokewa usiku na mchana na mtu mwenye mamlaka ya kufungua kadi, njia ya pili ya uthibitisho isiyotegemea ujumbe wa laini, na utaratibu wa haraka wa uwakala kwa wagonjwa wanaosafiri. Gharama yake ni ndogo mbele ya faida ambazo benki huzipata katika fedha za wateja hao hao, na hakuna udhuru wa kuyachelewesha.