Kabla ya kununua mashine mpya, hesabu zile zilizomo chumbani

Haya wasomaji, leo tuzungumzie kukompaili. Wale wa PHP na Python mnaweza kupita, au kaeni tu msikilize. Haya yanawahusu wanaoandika C na C++, na yeyote aliyewahi kujenga programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake kwa laptopu ya mtumba.

Maoni yangu ni haya: saiba au maabara ya shule hapa Malindi au Kilifi yenye tarakilishi nane kuukuu, zilizounganishwa kwa kebo na swichi, ina nguvu nyingi kuliko tunavyodhani. Sisi tunatamani mashine mpya, au tunakodi seva ng'ambo na kuifikia kwa bando, ilhali mashine saba zimekaa bure usiku kucha.

Anayejua makuti ataelewa upesi. Makuti husukwa na watu wengi, kila mmoja uani kwake, bila kumngoja mwenzake. Kuezeka ndiko kunakohitaji yote yafike mahali pamoja. Programu ya C++ ni vivyo hivyo: kila faili hukompailiwa peke yake, kisha zote huunganishwa kuwa programu moja. Martin Pool wa Australia alilitumia hilo alipotoa distcc mwaka 2002. Mashine yako hulitayarisha faili pamoja na vichwa vyake vyote, hulituma kwa jirani, jirani hulikompaili na kurudisha matokeo. Jirani hahitaji kuwa na maktaba zako. Anahitaji kompaila inayolingana na yako tu.

Piga hesabu. Swichi ya megabiti 100 hupitisha megabaiti 12 hivi kwa sekunde. Faili la megabaiti 2 litafika kabla hujapepesa macho mara mbili, na kulikompaili kwenye mashine kuukuu kunaweza kula sekunde kumi. Kwa mashine tatu za Pentium 4, kerneli ya Linux 2.4.19 ilishuka kutoka dakika 6 na sekunde 45 hadi dakika 2 na nusu. Na hakuna baiti hata moja inayotoka nje ya chumba, kwa hiyo bando lako liko salama.

Mbona nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice. Tangu 2010 tuna LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice hiyo hiyo. Kutafsiri maneno yake unaweza kwa kivinjari tu, lakini ukitaka kurekebisha hitilafu iliyo ndani yake ni lazima uijenge, na mashine dhaifu hukesha nayo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayengoja hadi asubuhi ajue kama mstari wake mmoja umefaa atajaribu mara mbili, ya tatu ataacha. Hapo tunabaki watumiaji daima.

LibreOffice yenyewe ina chaguo la --enable-icecream. Icecream ni jamaa wa distcc kutoka SUSE, na ina mratibu anayepeleka kazi kwa mashine isiyo na shughuli. Kwa chumba chenye mashine za nguvu tofauti, mimi ningechagua hiyo.

Lakini anza na ccache, ambayo haikompaili tena kile kisichobadilika. Wi-Fi achana nayo, tumia kebo. Jirani akizimika katikati ya kazi, distcc hulirudia faili lile nyumbani. Kuunganisha hubaki kwako, kwa hiyo mpe RAM nyingi yule anayeunganisha. Na tafadhali, usiiache distcc wazi kwa intaneti: mlango wake 3632 ukiachwa bila ulinzi, mtu baki anaweza kuendesha amri kwenye mashine yako, na hilo limejulikana tangu 2004. Taja anwani zinazoruhusiwa.

Mashine nyingi za saiba ni za Windows. Ziwashe kwa Linux kutoka kwenye flashi baada ya kufunga, na asubuhi mwenyewe atazikuta kama alivyoziacha. Atauliza tu stima ya usiku inalipwa na nani, na ni haki yake kuuliza. Changeni.