Barabara peke yake haijengi dola

Ndugu mwandishi, umesifu mno majeshi na barabara za Roma. Reli ya TAZARA inapita hapa kwetu Uchindile tangu miaka ya 1970, na hatujatawala hata kijiji cha jirani! Kilichowabeba Warumi ni kumfanya aliyeshindwa awe mwenzao. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Huku kwetu, Chifu Munyigumba naye alianza hivyo, akaunganisha tawala ndogondogo, watu wake wakawa Wahehe. Lakini machifu Merere wa Usangu na Kiwanga wa huku bonde la Kilombero walibaki nje, wakasimama na Wajerumani dhidi ya mwanawe Munyigumba, Mkwawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka 1894. Kwa Warumi ilikuwa tofauti: Hannibal wa Carthage aliwaangamiza pale Cannae, na bado washirika wao wengi wa Italia hawakuwakimbia.