Mtoto na simu ya mama

Katika nyumba nyingi simu ya mama ni sanduku la pesa pia: ndani mna M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na namba za wanamemba wa AVEC. Mtoto anayeomba kuangalia katuni hajui hayo. Akigusa alama ya ndege, hakuna anayekupata tena. Simu ikizimika na kuwaka, akakosea namba ya siri ya SIM mara 3, kadi inafungwa mpaka uingize kode PUK. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa, na pesa ya kikundi inangoja mpaka upate kadi mpya.

Si lazima kumnyima mtoto kabisa. Mfungulie chumba kimoja, si nyumba nzima. Kwenye Android, ingia Paramètres, upande wa sécurité, utafute neno « épingler ». Liwashe, ukubali simu iombe namba ya siri kabla ya kutoka. Kisha fungua katuni, bonyeza kitufe cha programu zilizo wazi, gusa alama ya programu ile, chagua « épingler ». Mtoto atabaki hapo. Kwenye iPhone njia hiyo inaitwa « accès guidé ».

Namba ya siri isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, anaujua mapema. Karatasi ya PUK iweke pamoja na vitambulisho vya nyumba.

Kwenye mkutano wa juma hili, anayejua amwonyeshe mwenzake.