Majani ya papai, chumeni kwa dume



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alileta kilio: mpapai wake unaangusha matunda machanga, na yanayoiva hayana utamu. Mapapai hayo ndiyo anategemea kwa masomo ya kijana wake. Nilikwenda kuutazama. Matunda zaidi ya ishirini, majani manne tu! Mengine yalichumwa na majirani, huyu kwa kufungia nyama ngumu, yule kwa kufua nguo.

Jani ndilo jiko la mti. Linachukua mwanga wa jua, hewa na maji yaliyopanda kutoka kwenye mizizi, linapika sukari. Wataalamu waliopima wanasema jani moja lililokomaa linaweza kulisha matunda kama matatu. Sasa pigeni hesabu ya majani manne.

Tena matunda yenyewe yanalisukuma jani kufanya kazi, kama vile nyumba yenye watoto wengi sufuria haikai chini. Mpapai dume nao una jiko lake, lakini hauna matunda ya kulisha; sukari yake inakwenda kwenye shina, majani na maua. Kwa hiyo mkichuma jani la dume hamumnyimi mtoto chakula.

Lakini kwa macho, jani la dume na la jike ni lile lile. Anayesema anatambua mche kwa jani, mimi simwamini. Ngojeni maua, miezi mitano hivi. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa maua makubwa karibu na shina, na tunda lake huwa la mviringo. Kuna na wa tatu, wenye jinsia zote mbili katika ua moja: huo hujizalisha wenyewe, na tunda lake ni refu.

Kwa sababu hatujui mapema, pandeni miche mitatu kwenye shimo moja, kisha mpunguze maua yakionekana. Msikate madume yote! Dume mmoja kwa majike kumi hivi anatosha kuyapa uzazi.

Yule mama ana dume karibu na lupango, nusura aukate. Sasa majirani wameonyeshwa huo. Mwenye miche ya ziada aje nayo kwenye kikao, tutabadilishana.