Haki ya Shabiki: The Fault in Our Stars, Filamu Yake na Wahakiki Wake

Miongoni mwa wahakiki wetu neno "shabiki" limegeuka kuwa tusi la adabu. Anayeitwa msomaji husikilizwa. Anayeitwa shabiki husamehewa, kama mtoto asamehewavyo kelele zake. Mpira una mashabiki, siasa ina mashabiki, taarab ina mashabiki. Fasihi, tunaambiwa, ina wasomaji na wahakiki. Msichana wa shule ya upili akitoka kutazama filamu iliyotokana na riwaya aipendayo, akalalamika kwamba "wameikata", mhakiki hutabasamu na kumweleza kuwa filamu ni utanzu mwingine wenye kanuni zake. Maelezo hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba hayajibu alichosema msichana yule.

Makala haya yanapinga tabasamu hilo. Tunadai kwamba lalamiko la shabiki, likisikilizwa kwa makini, aghalabu ni uhakiki uliokosa istilahi tu. Na kwamba mhakiki anayelipuuza hujinyima msomaji aliye karibu zaidi na matini. Mfano wetu ni riwaya ya Mmarekani John Green, The Fault in Our Stars, iliyochapishwa mwaka 2012, pamoja na filamu iliyoongozwa na Josh Boone kutokana nayo mwaka 2014. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 12 na kuingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani. Mwandishi wa makala haya ni shabiki wa riwaya hiyo, na haoni sababu ya kulificha jambo hilo nyuma ya nadharia.

Shabiki ndani ya riwaya

Wanaoidharau riwaya hii kwa kuiita kisa cha mapenzi cha kuwaliza wasichana husahau kwamba mhusika wake mkuu mwenyewe ni shabiki. Hazel Grace Lancaster ana umri wa miaka 16. Ana saratani ya tezi iliyosambaa hadi kwenye mapafu, na hutembea na mtungi wa oksijeni. Kitabu anachokipenda kuliko vyote ni An Imperial Affliction, riwaya ya kubuni ndani ya riwaya, inayosimuliwa na msichana mgonjwa aitwaye Anna na inayokatika katikati ya sentensi. Hazel amekisoma mara nyingi mno. Anataka kujua yaliyompata mama yake Anna, yaliyompata yule Mholanzi muuza tulipu, hata yaliyompata panya wa kufugwa. Yeye na mpenzi wake, Augustus Waters, wanasafiri kutoka Indianapolis hadi Amsterdam kumwuliza mwandishi, Peter Van Houten.

Van Houten, mlevi mwenye maneno makali, anakataa kujibu. Anashikilia kwamba wahusika wa riwaya hawana maisha baada ya ukurasa wa mwisho. Kinadharia jibu hilo halina dosari; mwanafunzi wa mwaka wa pili angelitoa katika mtihani akapata alama zote. Lakini Green amelitia katika kinywa cha mtu katili kwa makusudi. Swali la Hazel kuhusu mama wa Anna ni swali kuhusu mama yake mwenyewe: je, mzazi anayefiwa na mwanawe wa pekee huendelea kuishi vipi? Swali la kitoto lilikuwa limebeba swali la mauti, na msomi aliyeulizwa akaona utoto peke yake. Kila mhakiki anayemcheka shabiki ajiulize ameketi katika kiti cha nani.

Ieleweke kwamba Green hampi shabiki ushindi wa bure. Katika maelezo mafupi mwanzoni mwa riwaya anawasihi wasomaji wasitafute matukio ya kweli nyuma ya hadithi, na mara nyingi amekataa hadharani kueleza yanayompata Hazel baadaye, akisema kwamba vitabu ni mali ya wasomaji. Katika hoja, basi, yeye na Van Houten wanakaribiana. Wanatofautiana katika heshima wanayompa muulizaji. Riwaya yenyewe imetabarukiwa Esther Earl, msichana aliyekuwa msomaji na shabiki wa Green, aliyefariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 16 kwa saratani ya tezi. Kitabu kilichotabarukiwa shabiki hakiwezi kuhakikiwa kwa haki na mtu anayewadharau mashabiki.

Kilichokatwa

Sasa tuliangalie lalamiko lenyewe. Shabiki husema: "Wamemwondoa Caroline." Katika riwaya, Augustus aliwahi kuwa na mpenzi, Caroline Mathers, aliyefariki kwa uvimbe wa ubongo. Ugonjwa ule ulimbadilisha tabia. Ukamfanya msichana mwenye maneno ya kuumiza, naye Augustus akabaki naye hadi mwisho, bila kujua kama anayemuumiza ni Caroline au ni uvimbe. Hazel anausoma ukurasa wa marehemu kwenye intaneti, anaona rambirambi zilizorundikana, na anaanza kujiona kama bomu litakaloripuka na kuwajeruhi walio karibu naye. Katika filamu Caroline hayumo kabisa.

Mhakiki wa kawaida ataeleza kwamba filamu ya saa mbili haiwezi kumbeba kila mhusika, na atataja kwamba rafiki wa Hazel aitwaye Kaitlyn naye ameachwa. Lakini shabiki hamlilii Kaitlyn sana, na hapo ndipo busara yake inapoonekana. Anajua kipi ni kiungo na kipi ni pambo. Caroline ndiye hoja ya riwaya dhidi ya ngano ya mgonjwa shujaa, ile ngano inayodai kuwa saratani huwasafisha watu, ikawafanya wapole, wenye hekima na tabasamu. Kwa kumleta Caroline, Green anasema kwamba ugonjwa unaweza kumwibia mtu hata wema wake kabla ya kumwibia uhai. Aidha, Caroline humfanya Augustus kuwa kijana aliyekwisha kumzika mpendwa na akachagua kupenda tena akijua bei yake. Ukimwondoa, Augustus anabaki kijana mchangamfu asiye na historia, na uchaguzi wake unakuwa mwepesi.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, ingawa husemwa kwa sauti ya chini. Baada ya kifo cha Augustus, riwaya inamrudisha Hazel katika ushabiki. Anasikia kwamba marehemu alikuwa akimwandikia kitu, na anatumaini kuwa ni mwendelezo wa kitabu kile kilichokatika. Anazitafuta kurasa, anapekua, anauliza, hatimaye Lidewij, aliyekuwa msaidizi wa Van Houten, anazipata na kumtumia. Si mwendelezo, ni maneno ya Augustus juu ya Hazel mwenyewe. Katika filamu, Van Houten anampa Hazel karatasi garini siku ya mazishi. Hazel anaikunja na kuitupa. Baadaye Isaac anamweleza ni nini, naye anairudia garini. Kisa kimefupishwa kwa ustadi. Hata hivyo kazi ya msomaji imepotea. Katika riwaya Hazel anazipata kurasa kwa kuzitafuta kama shabiki atafutavyo, na anachokipata kinalijibu swali lake kwa namna ambayo hakuitarajia. Katika filamu jibu linamngoja sakafuni. Yule msichana anayesema kwamba mwisho wa filamu "umekuja haraka" ameigusa kasoro hii ya muundo, ingawa hana jina la kuiita.

Kilichopatikana

Ingekuwa dhuluma kudai kwamba shabiki huona upungufu tu. Wapo mashabiki wengi walioisifu filamu hii, na sifa zao nazo zina hoja. Katika riwaya msomaji anaweza kuusahau mrija wa oksijeni kwa kurasa kumi. Katika filamu mrija ule umo usoni mwa Shailene Woodley wakati wote, katika mzaha na katika busu. Kamera haihitaji kutukumbusha ugonjwa kwa maneno. Laura Dern, katika nafasi ya mama, analijibu swali la Hazel kwa uso wake kabla mhusika hajafungua kinywa, hata inapojulikana kwamba amekuwa akisomea kazi ya ustawi wa jamii, mtazamaji anatambua kuwa mama huyu alikwisha kuanza kujiandalia maisha ya baadaye. Shabiki akisema kwamba katika filamu alilia kwa ajili ya mama kuliko alivyolia katika kitabu, ametuambia kwamba mkazo wa kazi umehama. Huo ni uchunguzi wa usawiri wa wahusika, na ni sahihi.

Hoja ya uaminifu

Wapinzani wetu wenye elimu watasema kwamba tunaufufua mzuka uliozikwa zamani. Tangu George Bluestone alipochapisha Novels into Film mwaka 1957, wataalamu wameonya dhidi ya kuipima filamu kwa uaminifu wake kwa kitabu, na Linda Hutcheon, katika A Theory of Adaptation ya mwaka 2006, aliitetea kazi geuzi kama kazi yenye hadhi yake yenyewe. Tunakubaliana nao. Lakini kanuni hiyo imekuwa kichaka cha uvivu. Kusema kwamba filamu haipaswi kuwa aminifu hakumwondolei mhakiki wajibu wa kueleza mabadiliko yamefanya nini. Shabiki hadai kila neno lirudishwe. Angedai hivyo, angelalamika kwamba sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Pittsburgh na si Indianapolis. Wachache sana wanalijali hilo. Anauliza kama kile kilichokifanya kitabu kiwe kitabu hiki bado kipo.

Ushahidi upo katika filamu ya Kihindi Dil Bechara ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Mukesh Chhabra kutokana na riwaya hiyo hiyo. Kisa kimehamishiwa Jamshedpur. Amsterdam imekuwa Paris. Riwaya iliyokatika imekuwa wimbo usiokamilika wa mwanamuziki aliyetoweka. Kwa kipimo cha uaminifu wa herufi, kazi hii iko mbali zaidi kuliko ya Boone. Hata hivyo swali la shabiki limehifadhiwa: kijana mgonjwa anavuka bahari kumwuliza msanii kwa nini hakuimaliza kazi yake. Isitoshe, Sushant Singh Rajput, mwigizaji mkuu, alifariki Juni 2020, kabla filamu haijatolewa Julai mwaka huo. Watazamaji walimwona akiigiza kijana anayekufa huku wakijua kwamba yeye mwenyewe hayupo. Ni nadharia ipi ya upokezi inayoweza kuizungumzia filamu hiyo bila kumhoji shabiki?

Hoja ya aibu

Kuna pia wanaotaka msomaji mtu mzima aone haya. Filamu ya Boone ilipotoka, mwandishi Ruth Graham alidai katika jarida la Slate, Juni 2014, kwamba watu wazima wanapaswa kuona aibu kusoma vitabu vilivyoandikiwa watoto. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba vitabu hivyo hutoa miisho ya kuridhisha, ilhali fasihi ya watu wazima huvumilia utata. Ni ajabu kuitoa hoja hiyo karibu na kitabu ambacho kiini chake ni msichana anayenyimwa mwisho. Mhakiki aliyeyatazama machozi ya wasomaji akakisia kitabu kimesema nini amefanya kosa la mbinu, na kosa la mbinu halifutwi na umri wa anayelifanya.

Nasi huku hatuna sababu ya kujitenga na mjadala huu. Anwani ya Green imetoka katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa anwani ya Juliasi Kaizari. Mfasiri aliyeirudia kazi yake mwenyewe alijua kwamba kuhamisha matini ni kuwajibika, na kwamba msomaji ana haki ya kudai hesabu. Tena Kiswahili kinaielewa anwani ile bila kufafanuliwa, kwani kwetu nyota ni majaaliwa. Mohamed Suleiman Mohamed aliijengea riwaya nzima, Nyota ya Rehema, mwaka 1976. Cassius wa Shakespeare anakana kwamba nyota zina lawama. Green anamjibu kwamba kwa mtoto mwenye saratani zina lawama. Mjadala huo wa hatia na majaaliwa ungemfaa mwanafunzi yeyote wa uzamili, lau angeruhusiwa kuuanzia katika kitabu anachokipenda mdogo wake.

Hitimisho

Idara zetu zimeipokea fasihi pendwa kwa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Tunaitaja katika historia ya riwaya, tunaipa wiki moja katika muhula, kisha tunarudi kwenye vitabu teule. Wasomaji wake hatuwataji kabisa. Tunapendekeza kwamba tasnifu ihusuyo riwaya ya mapenzi ya vijana na filamu yake ianzie kwa mashabiki: wamekosa nini, wamepata nini, na kwa nini hiki na si kile? Majibu yao yapimwe kwa ukali uleule tunaoutumia kwa majibu ya maprofesa. Mengine yatakuwa dhaifu, na yasemwe hivyo. Lakini atakayejibiwa kwamba Caroline Mathers hayumo, asilipite jibu hilo kwa tabasamu. Airudie riwaya, atafute mahali Caroline alipokuwa amesimama, na aeleze ni mzigo gani wa hadithi alioubeba.